Bahari Hujisafisha; Na Sisi Je?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kikubwa na kidogo, kinachoonekana na kisichoonekana, na kila kimoja akakipa kazi yake.

Ndugu msomaji, swali ninalolileta mbele yako leo sikulitoa kitabuni. Niliulizwa barazani, baada ya sala ya alasiri, mbele ya watu. Na nilipoulizwa sikuwa na jawabu. Nimelifikiri siku nyingi, nimesoma nilichoweza kusoma, na nimewauliza wajuao kuliko mimi. Sasa naona ni haki nikuletee na wewe, kwani huenda swali hili limekwisha kuingia nyumbani kwako kwa sura nyingine.

Yupo jirani yetu, kijana fundi wa mashine za boti, mtu wa kazi na mtu wa sala. Karakana yake ni kivuli cha mkungu ukingoni mwa hori. Kila abadilishapo oili ya mashine, ile chafu huimwaga pale pale mchangani, na maji yakijaa huja yakaichukua. Siku hiyo alipita mama mmoja mjane, ambaye huokota kombe mikokoni akaziuza ili apate kuwalisha wanawe. Alikuwa akilalamika kwamba kombe zake zinanuka mafuta, na wateja wawili wamemrudishia. Hakumtaja mtu. Lakini sote pale tulijua mafuta yale yanatoka wapi. Basi nikamwita yule kijana, nikamnasihi.

Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Maalim, nimekufahamu. Lakini mimi nimesoma kwamba baharini mna vijidudu ambavyo chakula chao ni mafuta. Wataalamu wamevithibitisha, na mafuta yakimwagika, hivyo ndivyo vinavyosafisha. Mwenyezi Mungu ameiumba bahari pamoja na wafagizi wake. Sasa kosa langu liko wapi? Mimi si nawapelekea riziki yao?"

Wazee waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka nao, maana maneno yale yalikuwa na chumvi. Lakini usiku kicheko kilinitoka. Nikajiuliza: ikiwa asemayo si kweli, basi ajibiwe kwa elimu. Na ikiwa ni kweli, je, kosa lake liko wapi hasa?

Ni kweli, au si kweli?

Tuanze kwa insafu, kwani si haki kumshinda mtu kwa kuikana kweli aliyo nayo.

Kila mvuvi aliyepiga kafi usiku wa giza amewahi kuyaona maji yakitoa cheche. Cheche zile ni viumbe hai, kila kimoja kidogo hata jicho halikioni. Bahari imejaa viumbe wa namna hiyo. Tone moja tu la maji ya bahari huwa na bakteria makumi ya maelfu. Wako wanaotumia mwanga wa jua kama yatumiavyo majani ya miti, na wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani kwa mwanga wa jua hutengenezwa baharini, na sehemu yake kubwa ni kazi ya viumbe hawa. Basi pumzi tunayoivuta sisi tuliokaa barazani ina deni kwa wale tusiowaona.

Miongoni mwao wapo wanaokula mafuta. Aliye mashuhuri zaidi ni bakteria aitwaye Alcanivorax borkumensis, aliyepatikana katika Bahari ya Kaskazini karibu na kisiwa cha Borkum, Ujerumani, na kuelezwa na wataalamu mwaka 1998. Jina lake la kwanza lina maana ya mlaji wa alkani, nazo alkani ni sehemu mojawapo kubwa ya mafuta ghafi. Katika maji safi huwa haba, hata ni shida kumpata. Yakimwagika mafuta huzaliana kwa wingi akawashinda majirani zake wote. Hutoa kitu mfano wa sabuni kinachoyavunja mafuta yakawa matone madogo, kisha huyala. Na mwisho wake hubaki maji na hewa ya kaboni.

Kiumbe huyu hakuanza siku zilipoundwa meli za mafuta. Chini ya bahari zimo nyufa ambazo mafuta huvuja yenyewe, kidogo kidogo, tangu zama asizozijua mwanadamu. Na walaji wake wamekuwapo zama hizo zote. Na lililonistaajabisha zaidi ni hili: mafuta yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni mabaki ya viumbe wadogo wa bahari waliozikwa matopeni mamilioni ya miaka iliyopita, wakagandamizwa na kupikwa na joto la ardhi. Aliyekufa baharini akawa mafuta, na aliye hai baharini huyala mafuta hayo. Ni mzunguko uliotimia, nao una mizani yake.

Kwa hiyo kijana hakusema uongo. Bahari ina wafagizi wake, na kuwapo kwao ni rehema.

Mkono wa mwanadamu

Sasa tutazame wanadamu wamefanya nini na rehema hii, kwani katika habari zao mna mafunzo.

Tarehe 18 Machi 1967 meli iitwayo Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na shehena ya mafuta ghafi ipatayo tani 119,000. Watu walitaharuki. Wakamwaga maelfu ya tani za sabuni kali za viwandani majini na kwenye majabali ili mafuta yatoweke machoni. Baadaye ikadhihirika kwamba sabuni zile ziliwaua konokono na viumbe wengine wa majabalini kuliko mafuta yenyewe. Walitaka kusafisha, wakaharibu mara ya pili; kwani haja yao kubwa ilikuwa uchafu usionekane, na kutoonekana si kutokuwapo.

Miaka 22 baadaye, tarehe 24 Machi 1989, meli Exxon Valdez ilikwama Alaska, Marekani, ikamwaga lita zipatazo milioni 40. Hapo napo kwanza walitumia maji ya moto yenye nguvu nyingi, yakaua viumbe waliokuwa wamesalimika. Lakini walijaribu na njia nyingine. Hawakuleta bakteria wageni. Waliwatazama wale waliokuwapo, wakaona kwamba mafuta ni chakula kilichopungukiwa na naitrojeni na fosforasi, mfano wa mtu aliyepewa wali mtupu bila ya kitoweo. Wakanyunyiza mbolea ufukweni. Kwenye fukwe kadhaa mafuta yakaliwa upesi zaidi kuliko pale palipoachwa bila ya mbolea. Huu ni ufundi wenye adabu ndani yake: mwanadamu hakujifanya bwana wa bahari, alijifanya msaidizi wa kiumbe aliyekwisha kuwapo kazini.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 baadaye, waliochimba chini ya kokoto za baadhi ya fukwe zile walikuta mafuta bado yamo, yamelala.

Na tarehe 20 Aprili 2010 chombo cha kuchimbia mafuta kiitwacho Deepwater Horizon kililipuka katika Ghuba ya Meksiko. Watu 11 walikufa, na kisima kikamwaga mafuta siku 87. Katika kina cha zaidi ya mita 1,000 bakteria walao mafuta waliongezeka sana, wakala sehemu ya mafuta yale, na wapo waliosema kwamba bahari imejitibu. Ni kweli ilijitibu kwa kiasi chake. Lakini hapana bakteria aliyewarudisha wale 11 kwa watu wao, wala aliyemlipa mvuvi aliyefungiwa bahari asivue.

Mipaka ya mfagizi

Ndugu msomaji, kila mtumishi ana kiasi chake cha nguvu, na kumtwisha kuliko nguvu zake ni dhulma. Wafagizi hawa nao wana mipaka minne ambayo fundi wetu hakuisoma, au aliisoma akairuka.

Kwanza, wanahitaji hewa. Walaji wa mafuta wenye kasi hutumia oksijeni. Na sisi watu wa pwani tunajua matope ya mikokoni yalivyo: ukiyakanyaga mguu ukazama, hupanda harufu ya yai viza. Harufu ile ni dalili kwamba chini hamna oksijeni. Mafuta yakizama katika matope hayo huliwa polepole mno, na huweza kukaa miaka na miaka, huku mizizi ya mkoko ikikosa pumzi. Mwezi wa Aprili 2005 mafuta ghafi kutoka meli moja yalimwagika katika bandari ya Kilindini, Mombasa, yakafika mikokoni. Aliyepata kuuona mkoko uliopakwa mafuta anajua kwamba hauoshwi kama sufuria.

Pili, hawawezi kula kila kitu. Huanza na yaliyo mepesi, na yaliyo mazito kama lami huwashinda au huwachukua muda mrefu sana. Ndiyo maana madonge ya lami huja kutupwa ufukweni, yakashika nyayo za watoto.

Tatu, na hili linamhusu fundi wetu hasa: oili iliyokwisha kutumika si mafuta matupu. Imebeba unga wa vyuma vilivyosagika ndani ya mashine, na dawa zilizotiwa kiwandani. Madini hayaliwi na bakteria yakaisha. Yatahama kutoka majini hadi matopeni, na kutoka matopeni hadi ndani ya kombe. Na kombe ni kiumbe anayeishi kwa kuchuja maji. Mfagizi akimaliza kazi yake, sumu ile ya chuma hubaki pale pale.

Nne, wanahitaji muda. Ufa wa chini ya bahari huvujisha kwa kipimo, na walaji wake wamezoea kipimo hicho. Dumu la oili kila juma, katika hori moja nyembamba, haliwapi nafasi. Kabla hawajamaliza la jana, la leo limekwisha kufika. Mizani iliyowekwa kwa ajili ya tone hatuna haki ya kuitwisha pipa.

Mtumishi tunayemtamani

Hapa pana jambo la ndani zaidi, nalo halimhusu fundi peke yake. Linaihusu zama yetu nzima.

Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Bara Hindi, Ananda Chakrabarty, akiwa Marekani katika miaka ya mwanzo ya 1970, alichukua bakteria wa jamii ya Pseudomonas akaunganisha ndani yake uwezo uliokuwa umetawanyika katika bakteria mbalimbali, ili mmoja aweze kula sehemu nyingi za mafuta ghafi. Akaomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 16 Juni 1980, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaamua kwamba kiumbe hai aliyefanyizwa na mtu anaweza kupewa hataza. Tangu hapo mlango umefunguka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kampuni moja peke yake ilikuwa na asilimia 47 ya jeni za viumbe wa bahari zilizosajiliwa katika hataza duniani. Na ilikuwa mwaka 2023 ndipo mataifa yalipopitisha mkataba unaotaka faida itokanayo na viumbe wa bahari kuu, iliyo nje ya mipaka ya nchi, igawanywe kwa uadilifu.

Ajabu ni kwamba bakteria yule wa mahakamani hakupata kupelekwa baharini kusafisha mafuta. Watu waliogopa kumwachilia kiumbe wasiyejua atafika wapi. Kazi ya baharini ikaendelea kufanywa na wale wasio na hataza, wasio na mwenyewe katika wanadamu.

Vivyo hivyo katika habari ya nishati. Kwa kuwa mwani wa chembe moja hutengeneza mafuta ndani ya mwili wake, watu walitumaini kwamba utalimwa mabwawani tupate petroli isiyo na madhara. Serikali ya Marekani ilianza mradi mkubwa wa kuuchunguza mwaka 1978, ikaufunga mwaka 1996, kwani mafuta ya mwani yalitoka ghali kuliko ya kisimani. Mwaka 2009 kampuni ya Exxon Mobil ilitangaza kwamba huenda ikatoa hadi dola milioni 600 kwa kazi hiyo. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imekwisha kujitoa. Na mwaka 2002 wataalamu walieleza jinsi bakteria wa matope ya bahari wanavyoweza kutoa umeme wakiwekewa vipande vya grafiti. Ni kweli wanatoa, lakini ni kidogo, wa kuendesha vipimo vidogo vilivyotegwa baharini, si wa kuwasha mji.

Siyasemi haya kuwakejeli wenye elimu. Mwenye kutafuta dawa anasifiwa, hata asipoipata siku hiyo. Ninachokiona ni tamaa iliyomo ndani yetu sisi tunaosubiri. Tunamtamani mtumishi mdogo, asiyesema, asiyedai mshahara, atakayekuja kutusafishia kila tukichafuacho, ili sisi tusiache chochote. Tunataka kupona bila ya kuacha kinachotuuguza. Na tamaa hii ndiyo ile ile iliyosema barazani kwa ulimi wa fundi: kwa kuwa yupo anayefagia, nina ruhusa ya kutupa.

Jawabu

Basi kosa lake liko wapi?

Ndugu msomaji, hebu tuchukue mfano ulio karibu zaidi kuliko bahari. Ngozi ya mwanadamu ikikatwa huungana yenyewe. Hii ni rehema kubwa. Lau si hiyo, mtoto asingefika umri wa kwenda chuoni. Je, kwa kuwa jeraha hupona, ni halali kumkata mtu kisu? Hapana mwenye akili atakayesema ndiyo. Kupona kwa jeraha ni fadhila ya Muumba juu ya aliyejeruhiwa, hakukuwekwa kiwe ruhusa kwa mwenye kisu. Na mwenye kisu hawezi kusimama mbele ya kadhi akasema, "Nimeipa ngozi yake kazi ya kufanya."

Hilo ndilo kosa la kwanza: kuigeuza rehema ikawa ruhusa.

La pili ni zito zaidi, na nimelifahamu nilipokumbuka somo tunalowafunza watoto chuoni, somo la toba. Wanavyuoni wametufundisha kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na kosa likiwa limegusa haki ya mtu, huongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Sasa lipime tendo la kusafisha kwa vijidudu juu ya mizani hii. Je, bakteria akila mafuta, ameliacha kosa kwa niaba yako? Amejuta kwa niaba yako? Ameazimia kwa niaba yako? Na yule mjane, ambaye kombe zake zilirudishwa na wanawe wakalala na chai kavu, bakteria atakwenda kumtaka radhi?

Kijidudu hula mafuta, hakili deni. Anachoweza kukiondoa ni uchafu wa maji. Uchafu wa tendo hubaki na mwenye tendo.

Nasi watu wa pwani tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine wote, kwani tumekulia katika elimu ya tahara. Tunajua kwamba maji ya bahari ni twahara na yanatwahirisha. Lakini tunajua pia kwamba wanavyuoni huyapima maji kwa rangi yake, ladha yake na harufu yake. Kwa hiyo wingi wa maji haukuwa udhuru wa kutoangalia kinachotiwa ndani yake. Tumefunzwa tusiwakojolee watu katika maji yao yaliyotuama, wala njiani mwao, wala kivulini wanapopumzikia. Aliyefunzwa hayo, je, anahitaji fatwa mpya kuhusu oili katika hori?

Na udhu wenyewe ni funzo. Maji huosha viungo, lakini mtu anayetia udhu huku mguu wake umo matopeni atatia udhu mpaka magharibi asitwahirike. Kwanza toa mguu.

Basi elimu hii tuifanyeje?

Pengine msomaji atasema: kumbe unatuambia tuiache sayansi hii, tukae tukijuta. Sivyo. Ajali hutokea hata kwa mwenye hadhari. Tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio ilikwama kwenye matumbawe ya Mauritius, humu humu katika Bahari yetu ya Hindi, na mwanzoni mwa Agosti ikaanza kuvuja. Mafuta yapatayo tani 1,000 yakaingia majini. Watu wa kisiwa walitoka, wake kwa waume, wakajaza majani makavu ya miwa katika nguo na nyavu, wakashona vizuizi kwa mikono yao. Hawakumwaga mafuta wao. Walitoka kwa kuwa bahari ni ya watoto wao. Siku kama hiyo elimu ya vijidudu ina thamani kubwa, na atakayekuwa ameisoma kabla ya siku hiyo atakuwa ameweka akiba ya kheri.

Kwa hiyo vijana wetu na waisome. Zanzibar ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari tangu mwaka 1978, na Mombasa ipo taasisi ya taifa ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Mzazi asidhani kwamba mtoto anayetazama tone la maji kwa darubini anapoteza wakati. Anazitazama ishara. Lakini ayasome kama daktari anavyosoma dawa: ili amponye aliyeumia, si ili ampe mwenye kisu moyo wa kukata tena.

Niliyarudisha maneno haya barazani, alasiri nyingine, na safari hii hapana aliyecheka. Kijana alisikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akauliza swali la pili, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza: "Haya, Maalim. Nimekubali. Sasa nikaitupe wapi?"

Tukatazamana. Katika mtaa wetu hapana pahala pa kuipokea oili chafu. Wapo wanaoichukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa, na mvua ikinyesha hurudi kule kule horini. Wazee tuliomkemea hatukuwa tumepata hata siku moja kulifikiri jambo hilo. Nami niliyekuwa mnasihi, nikakumbuka kwamba ng'ambo ninakofundisha huvuka kila juma kwa boti anazozitengeneza yeye, na sikupata kuuliza oili yake yaenda wapi. Faida ya mashine tuliigawana sote. Lawama tulimwachia mmoja.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba jambo hili ni kama faradhi ya kutosheleza: wakilitekeleza baadhi, wengine hupona, wakiliacha wote, wote wana dhambi. Pahala pa kukusanyia oili, gari la kuichukua, na mtu wa kuidai serikali ya mji ifanye wajibu wake, hayo si mzigo wa fundi peke yake. Ni yetu sisi tunaopanda boti, tunaokula samaki, na tunaotawadha kwa maji.

Leo nyuma ya chuo chetu yapo madumu matatu ya lita ishirini, yamejaa oili na yamefungwa vizuri. Barua imekwenda mjini mara mbili, na jawabu bado. Sikuletei kisa kilichokwisha vizuri. Lakini hori halipati tone jipya kutoka chini ya mkungu ule. Na yule kijana, bila ya kuambiwa na mtu, alikwenda kwa yule mama baada ya sala ya Ijumaa, akamtaka radhi na akampa thamani ya kombe zilizorudishwa. Mama alipokea, akamwombea dua, kisha akamwambia kwamba kule mikokoni mafuta bado yanaonekana maji yakipwa.

Hayo yaliyokwisha kuingia sasa yamo mikononi mwa wafagizi wasioonekana. Watafanya waliloumbiwa, kwa kiasi chao na kwa muda wao, bila ya kutulaumu. Lililobaki ni letu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa mguu matopeni kabla ya kuomba maji. Amin.